Naomba ushauri: cheti cha FSC (cheti cha kimataifa cha usimamizi mzuri wa misitu) kwa msitu wa kijiji

Habari zenu ndugu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, mkoani Lindi. Msitu wetu una mpingo na mninga, tumeulinda kwa doria miaka mingi, na inauma kuona wanunuzi wakitupangia bei. Vijiji vya Kilwa viliingia kwenye cheti cha pamoja cha FSC mwaka 2009 kupitia MCDI, shirika la uhifadhi wa mpingo, maana kumlipa mkaguzi wa nje kijiji kimoja hakiwezi. Mliopitia huko, mnunuzi wa mpingo wa kutengenezea klarineti (ala ya muziki ya kupuliza) kweli huongeza bei kwa sababu ya cheti? Na mkaguzi huangalia nini kwanza: ramani, daftari la uvunaji, au visiki vyenyewe? Mkutano wa kijiji ni mwezi ujao, sitaki kuwapa wazee ahadi hewa.