Mahindi ya masika yamekauka, dumuzi ananisubiri: nihifadhije Chanika?

Mama wa Chanika
Wakuu, habari za mihangaiko. Nipo Chanika ya ndani huku, nyumba pamoja na shamba ni kama ekari moja. Masika ya safari hii Mungu katujalia. Mahindi yamekaukia shambani, kunde zimebeba, mihogo imekomaa, na ndimu zinadondoka mpaka zinaozea chini.

Shida ni kuhifadhi. Mwaka jana mahindi tuliyaweka kwenye magunia ya kawaida. Kufika Novemba, ukitia mkono unatoka na vumbi tu, punje zimebaki maganda. Nina watoto wanne na mama mkwe, wote wanategemea chakula hiki, na inaniuma kununua unga dukani wakati nimelima mwenyewe. Dawa ya vumbi mama mkwe hataki hata kuisikia. Na hewa ya Dar mnaijua, chumvi yenyewe inalowa kwenye kopo. Nifanyeje? Na mihogo niing'oe yote nifanye makopa?

Mstaafu wa ugani, Kibamba
Hongera kwa mavuno, mwanangu. Huyo aliyekumalizia mahindi ndiye dumuzi, wengine wanamwita Scania. Si mdudu wa asili yetu, alitoka Amerika, na hapa nchini alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Gunia la kawaida kwake si kitu, anatoboa hata mbao.

Kabla ya kufikiria mfuko, fikiria ukavu. Kipupwe hiki ndiyo nafasi yako, usiipoteze. Anika juu ya turubai, usianike kwenye udongo, na jioni ingiza ndani kabla ya umande. Usiyapige kwa fimbo kwenye gunia, punje zikipasuka ukungu unapata mlango. Pukuchua kwa mkono au kwa mashine. Zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zitoe zote, na usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na walikuwa wanakula ugali wa nyumbani kwao kama wewe na mimi.

Kupima ukavu huhitaji mashine. Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri, tia mahindi nusu na chumvi vijiko viwili. Chumvi hiyo ikaange kwanza kwenye kikaango ikauke, maana ya kopo lako imeshakunywa unyevu na itakudanganya. Funga, tikisa, iache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha mahindi juani. Ikiteleza yote chini, yako tayari.

Hapo ndipo ununue mifuko ya PICS. Ina tabaka tatu, mbili za nailoni ndani na moja ya gunia nje. Shindilia mahindi, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake kwa kamba, ukunje na kufunga tena. Wadudu waliomo wanamaliza hewa na kufa. Dawa haihitajiki, mama mkwe atafurahi. Kunde pia weka humo. Mifuko hii ilianzia kwenye kunde, huko Kamerun.

Msukuma wa Kigamboni
Mzee kamaliza upande wa mahindi. Dada, mihogo usiing'oe yote! Ardhini ndiyo ghala lake. Ukishaichimba, siku mbili tatu tu inaanza mistari myeusi ndani. Chimba ya kula, na mashina yanayoanza kuwa na nyuzi ndiyo ufanye makopa. Menya, kata vipande vyembamba, anika mpaka kikivunjwa kinalia. Ila dumuzi anashambulia makopa pia, kwa hiyo nayo yafungie kwenye mfuko.

Majani ya kunde usiyaache yazeeke. Kwetu tunafanya nsansa: chuma machanga, yachovye kwenye maji yanayochemka yenye chumvi kidogo mpaka yalegee, yakamue, yaanike kivulini penye upepo. Jua kali linayaunguza rangi. Januari mboga zikiadimika, unayaloweka na kuyapika kwa karanga. Watoto wangu waliozaliwa hapa Dar wanayagombania.

Bibi wa Mbagala
Ndimu hizo usizitupe, mwanangu. Osha, kausha kwa kitambaa, pasua nne bila kuachanisha, jaza chumvi ndani, panga kwenye chupa ya kioo, uweke juani kila siku. Ganda likilainika na kubadilika rangi, tia pilipili zilizopondwa. Kifuniko kiwe cha plastiki, cha bati kitaliwa na chumvi. Kijiko chenye maji kisiingie humo kabisa!

Mama wa Chanika
Shikamoo mzee, shikamoo bibi, asante dada. Nimemsomea mama mkwe yote, ameshaanza kutafuta chupa. Mzee, maswali mawili: panya je? Na mahindi ya mbegu niyaweke humo humo?

Mstaafu wa ugani, Kibamba
Marahaba. Panya ndiye adui wa mfuko huo, tundu moja la nailoni linarudisha hewa na kazi yote inaharibika. Panga mifuko juu ya chaga, mbali na ukuta, chumba kifagiliwe, na paka akiwepo ni vizuri zaidi. Mbegu zikikauka vizuri zinakaa humo na zitaota, ila ziwe na mfuko wao mdogo, msije mkafungua kila mkitaka kusaga. Na mahindi ya kula gawanya hivyo hivyo: fungua mfuko mmoja, umalize, ndipo ufungue mwingine.