1KZ-TE kwenye Hilux LN106: nianze na injini au nianze na difu?

Matope_Tu
Wakuu habari za humu. Nina Hilux LN106, ile yenye ekseli nzima mbele na springi pande zote, injini ni 3L (hilo ni jina tu, ni dizeli ya lita 2.8) isiyo na tabo. Haijawahi kunilaza njiani ila ikipanda mchanga na mzigo unaisikia kabisa inakata pumzi. Sasa nimepata 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye tabo, imetoka na giaboksi yake, na nataka nifunge matairi ya inchi 35 niachane na haya ya 31. Difu zangu ni 4.1 mbele na nyuma (propela inazunguka mara 4.1 tairi lizunguke mara moja). Fundi wangu anasema injini iingie kwanza, mambo ya difu yatajulikana huko huko, mwingine kaniambia nikifanya hivyo nitaokota vyuma njiani. Yupi nimsikilize? Na je nibaki na ekseli zangu za inchi 8 (ukubwa wa gia kubwa ya difu) niziongezee nguvu au nitafute za Land Cruiser 80 nibadili zima zima?

FundiKimya
Msikilize wa vyuma. 3L inatoa chini ya Nm 200, 1KZ-TE inakaribia 290 na zingine zinavuka 300, halafu hiyo nguvu haifiki tairini kama ilivyo, gia ya kwanza inaizidisha, transfa (boksi la 4x4) kwenye low inaizidisha, difu nayo inaizidisha, jumla inavuka mara 30. Weka na tairi la 35 ambalo ni zito na linashika ardhi kuliko la 31, kitu kinachoachia hapo ni sivii ya mbele (kiungo kinachozungusha tairi hata likiwa limekatwa kona), tena umekata usukani wote na tairi moja limebanwa kwenye jiwe. Mimi ndivyo nilivyoivunja yangu, ilianza kugonga tak tak tak kwenye kona nikajifanya sisikii.

Kuhusu kubadili ekseli, difu ya inchi 8 ya Hilux siyo dhaifu kama watu wanavyoisema. Ukiweka sivii na shafti za kromoli (chuma kigumu zaidi) mbele, hiyo inatosha kwa 35 kwa mtu anayeendesha na akili. Za 80 nyuma ni tamu sana, gia ya inchi 9.5, na nyingi ni ful floti yaani uzito wa gari unabebwa na habu siyo shafti, shafti ikikatika unaichomoa, unaziba tundu, unarudi nyumbani kwa difu ya mbele. Ya kwako ikikatika, tairi linaweza kutoka na shafti yake. Ila za 80 ni pana kuliko gari lako na zimetengenezewa koili, kwa hiyo ni kukata mabano yote na kuchomelea vikalio vya springi upya. Mbele nayo siyo kubwa kihivyo, gia yake ni inchi 8 hiyo hiyo ila pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) imekaa juu.

Dizeli_Safi
Napingana kidogo na mkuu hapo juu. Mimi nilianza na injini na sijavunja kitu kwenye difu wala shafti, LAKINI nilibaki na matairi ya 31 mpaka difu zilipokamilika. Tatizo siyo injini, tatizo ni injini + 35 + loka (kifaa cha kufunga difu matairi yote mawili yazunguke pamoja) kwa wakati mmoja.

Kinachonishangaza mbona hakuna anayemwambia kuhusu joto. Hedi ya 1KZ ni ya alumini na haitaki kuchemshwa hata mara moja, ikichemka inapasuka, basi. Mimi niliacha rejeta ya zamani nikajiambia itatosha, siku ya kwanza kwenye mlima mrefu geji ikapanda, nikazima, nikawa nimechelewa. Kwa hiyo rejeta kubwa, feni yenye klachi nzima na kava lake (bila kava feni inazungusha hewa ile ile ya moto), na geji ya joto la moshi kabla ya tabo, mimi nikiona inasogelea nyuzi 700 naachia mafuta.

Halafu TE maana yake T ni tabo na E ni pampu ya dizeli inayoongozwa kwa umeme. Usikubali kupewa injini bila kontroli boksi (kompyuta yake) na wayaringi nzima, na uliza kama ile boksi inataka ufunguo wake wa asili, maana kuna zingine injini inakaa pale kama pambo haiwaki. Wayaringi ilinichukua muda kuliko kufunga injini yenyewe.

Bi_Pinioni
Naongezea kwenye hesabu. 4.1 mara 35 gawa kwa 31 unapata kama 4.63, hapo ndipo gari litarudi kujisikia kama sasa. Gia zinazopatikana karibu na hapo ni 4.56 na 4.88. Kama ungebaki na 3L ningekuambia 4.88 bila kufikiri, ila kwa tabo 4.56 inatosha na barabarani injini haitapiga kelele. Mbele na nyuma LAZIMA zilingane, zikitofautiana ukiingiza 4x4 kwenye ardhi kavu transfa inajifunga mpaka kitu kiachie.

Kufunga gia za difu siyo kazi ya kukisia. Pinioni mpya na krauni (gia kubwa ya difu) zinapakwa rangi, unazungusha, unasoma alama kwenye meno, na uchezaji wake uwe milimita 0.13 hadi 0.18. Mtu akikuambia anapima kwa mkono kwa uzoefu, chukua difu yako uondoke. Baada ya hapo kilomita 800 za kwanza ni mwendo wa pole bila kuvuta mzigo, kisha mwaga oyeli.

Matope_Tu
Daah asanteni. Basi naanza na sivii za kromoli mbele na gia za 4.56 kote, injini inafuata, 35 mwisho kabisa. Ekseli ya 80 nyuma nitaiweka nikiipata. Kuna kingine nisichokiona?

FundiKimya
Vipo. Giaboksi iliyokuja na injini ikiwa ndefu kuliko yako, transfa inarudi nyuma, propela ya mbele itahitaji kurefushwa na ya nyuma kufupishwa, usikate chochote mpaka injini ikae kwenye mauntingi zake za mwisho. Karteri (bakuli la oyeli chini ya injini) nayo, hiyo injini ikiwa imetoka kwenye gari lisilo na ekseli nzima mbele, bana springi mpaka mwisho uone difu inagonga wapi, wengi wanaligundua hilo kwenye shimo la kwanza. Breki pia, alternata ya dizeli mara nyingi ndiyo inabeba pampu ya vakyumu ya buusta (inayolainisha breki), ukiisahau utakanyaga pedali kama unakanyaga jiwe.

Na siku ukiipata hiyo ya 80, vikalio vya springi vishike kwa nukta tu kwanza, shusha gari likae na uzito wake wote, pinioni iwe sambamba na transfa ndipo uchomelee, tena vipande vifupi kwa kupokezana kushoto na kulia, ukivichomelea kwa mkupuo mmoja bomba la ekseli linapinda na beringi zitakula shafti.

Dizeli_Safi
Na piga picha kila waya kabla hujauchomoa.