Malori yanayoshuka kutoka Ngaramtoni usiku yanatutesa Sakina, Arusha, kwa breki za injini; halmashauri, sheria ndogo ya kuzuia kelele hizi mnaitunga lini?

Wakuu, naandika saa tisa na robo usiku, mtoto wa miezi miwili nimempakata. Semi imeshuka kutoka Ngaramtoni, dereva kapiga breki ya injini hapa hapa Sakina: PRRAAA-PA-PA-PA-PA! Vioo vya dirisha vikatetemeka, mtoto akarusha mikono yote miwili juu kama anayedondoka, ndipo akaangua kilio. Hii ni ya nne tangu saa sita.

Msianze kuniambia nataka malori yaue watu. Najua lori lenye shehena likishuka kwa breki za matairi tu, zinapata moto na kuacha kushika. Breki ya injini inafungua vali za moshi hewa ikiwa imeshabanwa kwenye silinda, gari linapungua mwendo, na ule mlipuko ndiyo hewa yenyewe inatoka. Lakini kwenye gari lenye sailensa nzima mlio unapungua sana! Wanaotuamsha ni waliong'oa sailensa wakaacha bomba tupu. Tena wengine wanapiga hata palipo tambarare, wakiliona tuta tu. Hiyo ni dharau.

Na barabara ya mchepuo ipo, kilomita 42.4, Ngaramtoni hadi Usa River. Imejengwa ili malori yasipite mjini. Anayekwenda Moshi anafuata nini Sakina saa tisa usiku?

Ofisi ya halmashauri nimekwenda mara tatu. Kwanza, andika barua. Nikaandika. Mara ya pili barua haionekani. Mara ya tatu kijana ananijibu bila hata kuinua macho kwenye simu: barabara kuu haituhusu.

Haiwahusu vipi? Baa ikizidisha muziki inafungiwa kwa kanuni za kelele za mwaka 2015, na kanuni hizo hazikuandikwa kwa ajili ya spika peke yake. Sheria ya mamlaka za miji ya 1982 inaipa halmashauri uwezo wa kutunga sheria ndogo. Marekani miji mingi imeshapiga marufuku breki hizi kwenye makazi, vibao vimesimama barabarani. Sisi tumeshindwa kibao na faini kwa asiye na sailensa?

Mliopo Kwa Idd, Sakina na Ngaramtoni, andikeni hapa siku na saa mliyoamshwa. Nakusanya orodha, Jumatatu naipeleka kwa diwani mkononi, siachi tena barua mezani kwa mtu.