Mrejesho: kile kidude cha usalama kwenye Mauser ya mjomba

Wakuu, niliuliza kuhusu kidude cha usalama (kinachozuia bunduki isifyatuke) kilicho nyuma ya bolti, yaani kile chuma cha kuvuta na kusukuma kufunga risasi, ya bunduki ya Mauser 98 ya mjomba hapa Njoro: kifupi, kimelala upande, hakifanani na lile bawa refu la kawaida la usalama. Wengi mlisema kimevunjika. Hakijavunjika.

Tuliipeleka kwa fundi bunduki Nakuru, mjomba mwenyewe akiwepo maana kibali ni chake. Fundi hata hakukiangalia kwanza. Aligusa skrubu nne zilizo juu ya bodi, lile gamba la chuma ambamo bolti hupita. "Hapa palikuwa na darubini ya kulengea," akasema. Bawa la kiwandani lina hali tatu, na ile ya katikati hulisimamisha wima, likagonga darubini iliyofungwa karibu sana na bodi. Kwa hiyo mtu alilitoa akaweka hiki kinachopita kando.

Aliyenitajia darubini nami nikambishia, niwie radhi ndugu yangu.

Ila bunduki haijarudi kazini. Tulijaribu bila risasi: usalama umefungwa, ukavuta kifyatulio, halafu ukafungua usalama, pini inayolipua risasi ikaruka yenyewe! Kidude hakikupimwa vizuri kilipowekwa. Mjomba, aliyeiamini miaka yote hiyo, alinyamaza kabisa. Fundi amebaki na bolti.