Ushauri: Timu yetu ya frisbi inakwenda Kisumu, nafasi 14 tu na sisi tupo zaidi ya 20. Nani abaki Mwanza?

Jiwe_la_Capripointi (mtoa mada)

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni nahodha wa timu ya frisbi ya chuo kimoja hapa Mwanza. Msimu wa mashindano umeanza na mwezi Mei tumealikwa Kisumu, vyuo vya kanda ya ziwa, timu mchanganyiko wavulana na wasichana. Tumechangishana, chuo kimetoa kidogo, bumu (mkopo wa wanafunzi) lenyewe halijaingia. Hesabu inatoa watu 14: nauli, malazi na msosi.

Kocha ameshaandika orodha yake, wavulana 10 na wasichana 4. Anasema hao ndio wakali, wengine watakwenda mwakani. Wasichana tunao 6, nao wamegoma: wanaenda wote au haendi hata mmoja. Wavulana wa mwaka wa kwanza nao wamenuna, maana hawajakosa mazoezi hata siku ambazo uwanja ni tope tupu.

Nimekaa katikati kama nyama ya mshikaki. Wenye uzoefu wa kupanga kikosi cha safari, naombeni mawazo. Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

Mzee_wa_Kirumba

Kwanza utuelimishe, frisbi ndiyo ile sahani ya kurushia mbwa? Na mnavuka mpaka kwa ajili hiyo?

Jiwe_la_Capripointi

Hahaha, mzee shikamoo. Ndiyo hiyo hiyo, ila yetu ina gramu 175 na mbwa hayumo. Wachezaji 7 kila upande, uwanja mita 100 kwa 37. Ukiidaka huruhusiwi kukimbia nayo, unabaki na mguu mmoja chini na una sekunde 10 za kuitoa, anayekukaba anazihesabu kwa sauti. Mwenzako akiidaka ndani ya eneo la mwisho, mita 18 za mwisho za uwanja, ni pointi. Mechi inakwenda hadi 15. Na refa hakuna. Ukichezewa rafu unasema mwenyewe, mnajadiliana, mnaendelea.

Mzee_wa_Kirumba

Marahaba. Bila refa? Ndondo za huku mtaani zingeisha hospitali. Haya endeleeni, nasoma.

Kona_ya_Nyegezi

Mtoa mada, nimecheza mchezo huu chuoni miaka ile, na nimepanga vikosi vya safari. Tatizo lako siyo nani mkali. Orodha ya kocha ina kasoro ya hesabu, wala haihitaji ugomvi.

Mashindano ya mchanganyiko kwa kawaida yanafuata uwiano wa 4 kwa 3. Pointi ya kwanza inaamuliwa kwa kura kama ni wanaume 4 na wanawake 3 au kinyume chake, pointi ya pili na ya tatu zinageuzwa, kisha inageuka kila baada ya pointi mbili. Maana yake karibu nusu ya pointi zote lazima uwe na wasichana 4 uwanjani.

Sasa chukua mechi iliyoisha 15 kwa 10. Hizo ni pointi 25. Ukiwa na wasichana 4, kwenye pointi 12 au 13 hakuna hata mmoja anayepumzika, na zilizobaki anapumzika mmoja tu. Upande wa pili wavulana 10, wanaoingia ni 3 au 4, kwa hiyo 6 au 7 wamekaa wanakula karanga. Jumamosi mtacheza mechi tatu, pengine nne. Mechi ya tatu wale dada zako hawataweza hata kuinua mguu, na akiumia mmoja mmekwisha.

Peleka wavulana 8 na wasichana wote 6. Jumla bado 14, nauli ile ile. Mpe kocha kalamu na karatasi ajihesabie mwenyewe.

Jiwe_la_Capripointi

Daah. Mkuu, hii hesabu nimeirudia mara mbili, ni kweli kabisa. Hapa ugomvi wa wasichana umekwisha bila kikao.

Binti_Mkolani

Usikimbilie kusema umekwisha. Nami ni mchezaji, wa chuo kingine, na nikuambie kinachotuudhi siyo orodha peke yake. Mnatupeleka kujaza idadi. Dada anakata kona vizuri, amemwacha anayemkaba hatua tatu, amenyoosha mkono kabisa, na mwenye disiki (hiyo sahani) anamwona. Halafu anamgeuzia mgongo na kuirusha mbali kwa rafiki yake aliyekabwa na watu wawili, inapotea. Kisha wanapigana mabega, "safi mwanangu, wazo zuri." Wazo zuri wapi?

Kama mnakwenda wote 6 halafu mambo ni hayo, bora wabaki wasome. Kwenye mazoezi wekeni sharti: haifungwi pointi mpaka angalau wasichana wawili wameigusa disiki. Wiki mbili tu mtaona tofauti, na wavulana watajifunza kutazama uwanja.

Ngosha_wa_Igoma

Napingana nanyi wote. Mashindano ni mashindano. Watu wamechanga hela zao ili timu ishinde, siyo ili kila mtu apige picha Kisumu. Wapeleke wakali, wanaojifunza wajifunzie nyumbani.

Kona_ya_Nyegezi

Ngosha, hapo kwenye wakali sikupingi, ila mkali aliyechoka anapitwa na wa kawaida aliyepumzika. Kingine, baada ya kila mechi timu pinzani inawapa alama za nidhamu na uungwana: kujua sheria, kutocheza rafu, kuwa wa haki, kujizuia hasira na kuelewana. Maeneo 5, kila moja 0 mpaka 4, na mechi ya kawaida isiyo na shida inapata 10. Hizo alama zina zawadi yake na watu wanazikumbuka wakati wa kualika mwaka unaofuata. Mchezaji mkali anayebishana kila sekunde ni hasara. Mtoa mada, nadhani unamjua wa kwako.

Jiwe_la_Capripointi

Namjua. Tena ndiye wa kwanza kwenye orodha ya kocha.

Mvuvi_Msomi

Mmesahau upepo. Wamarekani, ambao mchezo huu ulianzia kwao mwaka 1968 kwenye shule moja ya sekondari New Jersey, msimu wao wa vyuo unaishia Mei kwa sababu kule ni majira ya machipuko. Sisi tumeinakili kalenda tukaangukia katikati ya masika! Haya, tuishi nayo.

Hapa kwetu na Kisumu ni ziwa lile lile. Asubuhi kunatulia, mchana upepo unaanza kuingia kutoka ziwani, na mechi zenu ngumu zitakuwa mchana. Disiki ikikutana na upepo wa mbele inapaa, inasimama hewani, kila mtu anaikimbilia. Inamisha pua yake (ukingo wa mbele) kidogo, iache chini ya usawa wa kifua, na mkono uizungushe kwa nguvu, maana mzunguko ndio unaoishika isiyumbe. Upepo ukiwa nyuma yako, kinyume chake, inadondoka mapema, inyanyue pua. Wengi wanadhani kurusha kwa nguvu ndiyo dawa. Nguvu bila mzunguko inakwenda kwenye matete.

Kwa hiyo hamisheni mazoezi yawe saa tisa alasiri, ufukweni kabisa. Anayeweza kupasi mita 10 dhidi ya upepo mara nyingi bila kuangusha, huyo ndiye wa kwenda Kisumu. Hata kama ni wa mwaka wa kwanza.

Sista_Bugando_Mlimani

Nakubaliana na mazoezi ya ufukweni, ila msimalizie kwa kuoga ziwani. Kichocho kipo, minyoo yake inapenya kwenye ngozi dakika chache tu, na konokono wanaoibeba wanapenda hayo hayo maji ya kina kifupi yenye matete. Disiki ikidondoka majini tumieni fimbo ndefu. Na radi: mkisikia ngurumo tokeni uwanjani, msirudi mpaka zipite dakika 30 bila kuisikia tena. Kisumu mvua ya jioni na radi ni ndugu.

Mama_Nitilie_wa_Mabatini

Wanangu, kwenye bajeti ya msosi mmeweka chipsi mayai? Pikeni ugali na dagaa jioni, asubuhi uji wa ulezi. Mtaokoa hela, na tumbo halitawasumbua njiani. Pale Sirari mpakani vyoo ni vya kulipia.

Jiwe_la_Capripointi

Mama, shikamoo, nimecheka lakini nimeandika.

Mrejesho: nimekaa na kocha, nimempa hesabu ya pointi 25. Alinyamaza muda mrefu, akauliza nani kanifundisha. Amekubali 8 kwa 6. Nafasi tatu za wavulana zinaamuliwa kwa jaribio la upepo, Jumamosi alasiri, na yule bishoo wetu anayebishana naye atasimama foleni kama wengine. Amesema hasimami. Tutaona.

Sasa limebaki moja. Ijumaa ya safari kuna testi ya somo moja, na wanne kati yetu wanalisoma. Wakikosa wanapata sifuri, na sapu (mtihani wa marudio) siyo mchezo.

Kona_ya_Nyegezi

Barua ipitie kwa mlezi wa wanafunzi, siyo kwa mwalimu wa somo moja kwa moja. Ambatanisha mwaliko na majina ya wote wanne, na muombe testi ya kufidia kabla ya safari, siyo baada. Wakubwa wanakubali haraka mwanafunzi akiomba kufanya mapema. Pelekeni nakala mbili na mrudi na moja iliyogongwa muhuri. Na pasipoti au hati ya dharura ya safari anzeni kuulizia Uhamiaji kesho, pamoja na kadi ya chanjo ya homa ya manjano.

Ngosha_wa_Igoma

Hilo jaribio la upepo ni uwanja gani? Nataka nije nimwone huyo bishoo.