Shakwe wa Bandari ya Kale, Mombasa: aina moja au mbili?

Muuza Samaki, Kibokoni
Asalamu aleikum. Nikianza kupara samaki, shakwe hujaa ukutani. Wengine wana kichwa cheusi-cheusi na mdomo wa manjano, wengine wamefifia mwili mzima, mdomo wa kijivu wenye ncha nyeusi. Mwanangu asema ni aina mbili. Nani ajua?

Babu wa Ngarawa
Wa aleikum salam mwanangu. Ni ndege mmoja, umri ndio mbalimbali. Mkubwa ana kahawia iliyokoza kichwani mpaka kifuani, kana kwamba kajitanda mtandio, na nyuma ya shingo ana ukosi mweupe. Mtazame mdomo sasa: mrefu, mnene, wa manjano ya kijani-kijani, halafu utepe mweusi, halafu ncha nyekundu. Hapo hupotei. Hao waliofifia ni vijana. Rangi hiyo hawaipati kabla ya mwaka kupita.

Ni ndege wa bahari zetu hizi, tangu Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia hadi huku. Mombasa waja kula tu. Kutaga ni visiwa vya Kiunga, kule Lamu, wakati wa kusi, kuanzia Julai hivi. Mayai mawili matatu, chini ya kichaka au jiwe, kwa sababu ya jua.

Mpenda Ndege, Nyali
Aina ya pili ipo, lakini huja na kaskazi: mkubwa zaidi, kichwa cheupe, mgongo wa kijivu kilichokoza. Huyo atoka Urusi.

Mkaazi wa Mtwapa
Mie siwapendi. Wanakula watoto wa kasa.

Babu wa Ngarawa
Wanakula, na mayai ya membe pia. Lakini nao wana adui, ndiye sisi. Mtu akishuka kisiwani msimu wa kutaga, wazazi wote huruka, yai likabaki juani. Jua la Kiunga si la mchezo. Tafadhalini, msimu ule visiwa viacheni.

Muuza Samaki, Kibokoni
Shukran sana babu. Na haya matumbo ninayowatupia, hayawadhuru?

Babu wa Ngarawa
Matumbo hayana neno, hata mashuani wanatufuata kwa hayo. Ila yapekue kwanza. Changu mara nyingine huja na ndoana kooni na kipande cha mshipi. Shakwe humeza vyote pamoja, au uzi humzonga mguuni mpaka mguu ukakatika. Vitie kwenye kopo lenye kifuniko.