MREJESHO: Waya wa kuunganisha printa moja na kompyuta tatu

Wakuu, nawashukuru sana. Niliuliza nitumie waya gani ili kompyuta tatu za stationery zitumie printa moja, huku moja ikiwa chumba cha nyuma, kama mita 12.

Wazo la kuungaunga USB nimeliacha, maana USB 2.0 mwisho wake ni mita 5. Nimefuata ushauri wa Cat5e (waya wa mtandao): kila kompyuta inaingia kwenye swichi (kisanduku cha kuunganisha vifaa vya mtandao), na printa nayo kupitia tundu lake la LAN, yaani la waya wa mtandao. Waya huo unafika mita 100. Printa nimeipa IP (anwani yake kwenye mtandao) ya kudumu, hivyo hata umeme ukikatika kompyuta haziipotezi.

Aliyenionya kuhusu waya feki wa alumini iliyopakwa shaba, Mungu akubariki. Dukani walinitolea huo kwanza. Nilikwangua ncha, ndani mweupe! Nikadai wa shaba tupu.

Kuprinti kote safi. Kuskani ndiko kumegoma kwenye ile kompyuta ya zamani kupitia mtandao, kwa hiyo nimeisogeza jirani na printa na kuichomeka kwa USB fupi, A (ncha bapa ya kompyuta) kwenda B (ncha ya mraba ya printa). Inaskani vizuri. Printa yangu inakubali USB na LAN kwa pamoja. Yako ikague kwanza.